Vina vya Mashairi: Maswali ya Wananchi na Majibu Yake

Maelezo haya ni kwa wanafunzi, kwa wanaotunga mashairi ya gazeti, redio na sherehe, na kwa kila mtu anayepokea ujumbe wenye vina kwenye simu yake akajiuliza aupokeeje. Maswali tumeyaacha katika maneno ya waulizaji kadiri ilivyowezekana. Kila istilahi inaelezwa papo hapo inapotajwa mara ya kwanza.

Kina ni kitu gani hasa?

Kina ni silabi moja inayorudi mahali palepale katika mistari ya shairi. Wingi wake ni vina. Silabi ni pigo moja la sauti ndani ya neno: so-ko-ni ina silabi tatu, na hiyo -ni ya mwisho ndiyo inayoweza kuwa kina. Kwa kanuni ya mapokeo, konsonanti na irabu zote mbili sharti zifanane. Shika na fika yana kina kimoja. Shika na pita hayana, ingawa yote yanaishia kwa a.

Tuonyesheni kwenye shairi lenyewe.

Ubeti huu umetungwa kwa ajili ya maelezo haya:

Jua linatua pwani, mashua zimeshafika,
Wachuuzi wa sokoni, mbio wanahangaika,
Bei ipo mdomoni, hupanda tena hushuka,
Mvuvi yumo majini, jasho lake lamtoka.

Kila mstari (kwa lugha ya washairi, mshororo) umegawanyika vipande viwili. Cha kwanza huitwa ukwapi na cha pili utao, na kila kimoja kina mizani 8, yaani silabi nane. Kina cha kati ni -ni, cha mwisho ni -ka. Ubeti wa mishororo minne kama huu huitwa tarbia, na ndio unaoonekana zaidi katika magazeti yetu.

Mbona "mvuvi" mmelihesabu silabi tatu?

Kwa sababu herufi m ikitangulia konsonanti na kutamkwa peke yake, hiyo ni silabi kamili: m-vu-vi, m-do-mo-ni, la-m-to-ka. Ikishikamana na b, kama katika mbi-o, haihesabiwi peke yake. Njia salama ni kugonga meza kwa kidole kila unapotamka pigo moja. Anayehesabu herufi kwa macho hukosea hapa kila mara.

Vina ni mapambo tu, au vina kazi?

Mapambo yamo, lakini kazi ya kwanza ya kina ni kumwambia msikilizaji kwamba kipande kimekwisha. Mashairi ya Kiswahili yalisikika masikioni mwa wengi zaidi kuliko yalivyosomwa, na msikilizaji hana karatasi ya kumwonyesha mstari umeishia wapi. Anaijua tamati kwa kina.

Kazi ya pili ni kumtia hamu. Akishasikia zimeshafika na wanahangaika, sikio linaingoja -ka ya tatu, na neno litakaloileta litakuwa na uzito ambao lisingekuwa nao katikati ya sentensi. Mtunzi stadi huweka hapo neno analotaka likumbukwe. Mtunzi mvivu huweka hapo neno lililopatikana.

Kazi ya tatu ni ya ndani zaidi: kina huyakutanisha maneno ambayo katika mazungumzo ya kawaida yasingekaa pamoja. Katika ubeti wetu, hushuka ni habari ya bei na lamtoka ni habari ya jasho. Hakuna mahali paliposemwa kwamba bei ikishuka jasho la mvuvi limekwenda bure, lakini sikio limeshaviunganisha viwili hivyo kabla akili haijauliza. Msomaji anayetaka kujua kama kina kimefanya kazi yake aangalie hapo, katika maana iliyozaliwa kati ya maneno mawili yanayolandana kwa sauti.

Nikisoma shairi kimyakimya sioni utamu wa vina. Tatizo ni langu?

Si lako, sababu imo katika lugha yenyewe. Mkazo wa neno la Kiswahili, yaani pale sauti inapotiliwa nguvu, huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: tunasema so-KO-ni, wa-na-ha-nga-I-ka. Kina cha mapokeo kinakaa kwenye silabi ya mwisho, ileile ambayo katika mazungumzo tunaipitia juu juu. Kwa jicho, au kwa sauti ya mazungumzo, kina karibu kinapotea.

Ndiyo maana shairi huhitaji kughaniwa, yaani kusomwa kwa mahadhi, kati ya kusema na kuimba. Mghani huivuta silabi ya mwisho ya kila kipande, na ile iliyokuwa dhaifu inageuka kuwa ndiyo inayosikika kuliko zote. Kiingereza kina utaratibu mwingine: kina cha huko huanzia kwenye irabu yenye mkazo na kuendelea hadi mwisho wa neno, kwa hiyo hata msomaji wa kawaida hukisikia bila mahadhi. Anayepima vina vyetu kwa kipimo hicho ataviona havina nguvu, na mtangazaji anayesoma shairi kama taarifa ya habari atamthibitishia hivyo.

Ushauri wetu kwa walimu na watangazaji ni kutoharakisha mwisho wa kipande. Watulie kidogo kwenye kina cha kati pia, ambacho wengi hukiruka wakikimbilia mwisho wa mshororo.

Vina huwa mahali palepale katika mashairi yote?

La. Utenzi, ambao watu wa Lamu huuita utendi, ni utungo mrefu wa kusimulia au kuusia, na ubeti wake huwa na vipande vinne vya mizani 8. Vipande vitatu vya kwanza vina kina kimoja kinachobadilika kila ubeti. Cha nne hushika kina kisichobadilika tangu mwanzo wa utungo hadi mwisho wake. Utendi wa Mwana Kupona, ambao Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake mwaka 1858, hurudi kwenye mwisho wa -ia beti baada ya beti, na binti anayesikiliza anajua kila wasia umeishia wapi.

Kwa tarbia, majina hufuata jinsi vina vinavyosafiri kutoka ubeti hadi ubeti. Mtiririko hushika vilevile, cha kati na cha mwisho, katika beti zote. Ukara hushika kimoja na kubadili kingine, na ukaraguni hubadili vyote.

Nimepewa shairi kwenye mtihani. Nitambueje vina vyake?

Lisome kwa sauti ya chini, hata kama ni midomo tu inayotembea. Pigia mstari silabi ya mwisho ya kila kipande, kisha ziandike pembeni kwa safu mbili, za kati na za mwisho, ubeti kwa ubeti. Ukiona zinazobaki na zinazobadilika, jina la mpangilio litajitokeza. Usiishie hapo. Kutaja -ni na -ka ni kuhesabu tu. Eleza pia vina hivyo vimefanya nini katika maana au katika usikivu wa shairi.

Na nikiambiwa nitunge? Nalazimika kutumia vina?

Soma swali linavyosema. Likidai shairi la arudhi, yaani linalofuata kanuni za mapokeo za vina na mizani, basi fuata kanuni. Lisipodai, una haki ya kutunga shairi huru.

Babu yangu anasema shairi lisilo na vina si shairi. Ni kweli?

Wanaosema hivyo wana historia nyuma yao, na inafaa isikilizwe. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji ambaye baadaye alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na kisha waziri wa sheria, alichapisha kitabu cha sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake, yaani mkusanyo wa mashairi yake. Sheria zake ni kali. Utungo unaokosea vina au mizani washairi wa mapokeo waliuita guni, yaani shairi lenye kasoro. Wakati huo mashairi yalikuwa yakitumwa kwa wingi magazetini, kama Mambo Leo lililoanza mwaka 1923, na mtunzi aliyekaa mbali na malenga (washairi stadi) wa pwani alihitaji mahali pa kujifunzia. Kitabu kile kikawa mwalimu wake.

Miaka ya 1970 wakajitokeza wasomi waliotaka nafasi zaidi. Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, alitoa Kichomi mwaka 1974, M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi wakatoa Malenga wa Bara mwaka 1976. Walileta mashairi huru, yaani yasiyofungwa na idadi maalumu ya mizani wala na vina. Mabishano yalikuwa makali, magazetini na vyuoni, na baadhi ya maneno yaliyosemwa pande zote mbili hayafai kurudiwa katika maelezo ya umma.

Leo aina zote mbili hufundishwa shuleni Kenya na Tanzania, kwa hiyo jibu ni fupi: shairi huru ni shairi. Mwalimu Nyerere hakuona haja ya kuchagua upande. Alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare ya Juliasi Kaizari hakutumia vina. Alipotunga tenzi za Biblia, zilizochapishwa mwaka 1996, alivirudia. Wala ugomvi huu si wetu peke yetu: John Milton wa Uingereza aliacha vina katika Paradise Lost ya mwaka 1667, ikabidi baadaye aongeze maelezo kwa wasomaji waliokuwa wakiuliza sababu.

Babu naye hajakosea kila kitu. Kuacha vina hakumpunguzii mtunzi kazi. Msikilizaji bado anataka kujua kipande kimeishia wapi. Asipojua kwa kina, ajue kwa pumzi, kwa neno linalorudiwa, au kwa picha inayogeuka ghafla. Utungo uliokosa hayo yote ni nathari iliyokatwakatwa, hata ukiitwa huru. (Nathari ni maandishi ya kawaida, yasiyo ya kishairi.)

Je, vina vililetwa na Waarabu?

Majina mengi ya elimu hii, kama tarbia, takhmisa (ubeti wa mishororo mitano) na mathnawi (mpangilio wa vipande viwili katika kila mshororo), yana asili ya Kiarabu, na watunzi wa zamani wa Pate, Lamu na Mombasa waliandika kwa hati ya Kiarabu. Lakini kuimba na kupanga sauti havikusubiri jahazi. Msomi Ibrahim Noor Shariff alilitetea hilo kwa kirefu katika kitabu chake, Tungo Zetu (1988). Wataalamu wanaendelea kujadiliana juu ya kiasi cha mkopo, na msomaji hana haja ya kuchagua kati ya "vyote vimeletwa" na "hakuna kilichokopwa".

Maneno ya Kiswahili karibu yote huishia na irabu. Basi kutunga vina si kazi rahisi?

Ni rahisi, na urahisi huo ndio mtego. Rudi kwenye ubeti wetu wa mvuvi: pwani, sokoni, mdomoni, majini. Vina vyote vinne vya kati vimetokana na kiambishi kimoja cha mahali, -ni, kinachoweza kubandikwa kwenye nomino nyingi mno. Ni vina halali na hakuna mtahini wa kuvikataa, ila sikio la malenga huvikinai haraka. Tumeviacha makusudi ili uvilinganishe na vya mwisho, ambapo -ka imo ndani ya kitenzi chenyewe: fika, hangaika, shuka, toka. Mtego wa namna hiyohiyo umo katika vitenzi vya kutendwa vinavyoishia -wa na vya kutendea vinavyoishia -ia. Mtunzi anaweza kujaza ukurasa mzima bila kutafuta neno hata moja.

Na kama tunausema ukweli wote, "mbio wanahangaika" katika mshororo wa pili imewekwa zaidi kwa ajili ya kina kuliko kwa ajili ya wachuuzi. Msomaji makini huzigundua sehemu kama hizo kwa kujiuliza: kina kisingedaiwa hapa, maneno haya yangekuwepo?

Naruhusiwa kutumia neno lilelile mara mbili kama kina?

Hakuna anayekukataza, lakini neno lilelile kwa maana ileile huonekana kama mtunzi amechoka. Maana zikitofautiana, mambo hubadilika. Paa mnyama, paa la nyumba na kupaa angani vinaweza kukaa katika ubeti mmoja, na msikilizaji atafurahia kuzichambua.

Naweza kukata au kurefusha neno ili kina kipatikane?

Ndiyo, kwa kiasi. Mapokeo humpa mtunzi uhuru unaoitwa idhini ya kishairi. Inkisari ni kufupisha neno, kama alokuja badala ya aliyekuja. Mazida ni kulirefusha, kama enenda badala ya nenda. Kuboronga sarufi ni kugeuza mpangilio wa maneno, kama wangu moyo badala ya moyo wangu. Mpaka wake ni kueleweka. Msomaji akilazimika kukupigia simu kukuuliza neno gani lile, idhini imekwisha.

Bongo fleva nayo ina vina, au ni kelele tu?

Inavyo, na vingi. Wanaochana, yaani wanaoimba rapu, mara nyingi hulinganisha silabi mbili za mwisho badala ya moja, kwa sababu mdundo huangukia penye mkazo, na huingiza vina vya ndani bila kufuata idadi maalumu. Mzazi asiyesikia vina humo ajaribu kusikiliza silabi ya pili kutoka mwisho, huenda akashangaa.

Kiziwi atafurahiaje vina?

Ushairi wa lugha za alama una vina vyake. Mtunzi hurudia umbo lilelile la kiganja katika alama zinazofuatana, na jicho hupokea mrudio huo kama sikio linavyopokea -ka na -ka. Waandaaji wa hafla za mashairi wampe mkalimani maandishi mapema, kwa kuwa vina vya mdomo havifasiriki papo hapo.

Ni kweli vina husaidia kukumbuka?

Ni kweli. David Rubin, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1995 kuhusu kumbukumbu na mapokeo simulizi kwamba mizani na vina hupunguza maneno yanayoweza kukaa mahali fulani. Mghani aliyesahau neno anajua lina silabi ngapi na linaishia kwa sauti gani, na hapo linamrudia.

Ushahidi wa kwetu ni Muyaka bin Haji wa Mombasa. Alifariki mwaka 1840, na mashairi yake mengi yakakusanywa miongo kadhaa baadaye kutoka kwa watu waliokuwa wameyahifadhi kichwani, kwa juhudi za Mwalimu Sikujua pamoja na mmisionari W. E. Taylor. Diwani yake ilichapishwa mwaka 1940, miaka mia moja baada ya kifo chake. Barua ya kawaida isingedumu hivyo midomoni mwa watu.

Na watoto? Nyimbo za vina zinawasaidia kujifunza kusoma?

Utafiti wa Lynette Bradley na Peter Bryant wa Oxford, uliochapishwa mwaka 1983, ulionyesha kwamba watoto wadogo waliotambua vina vizuri walisonga mbele zaidi katika kusoma baadaye. Ulihusu watoto waliojifunza kusoma Kiingereza, ambacho tahajia yake (namna ya kuendeleza maneno) ni ngumu kuliko yetu, kwa hiyo usichukuliwe ulivyo. Kumwimbia mtoto hakuna gharama wala madhara.

Ujumbe wenye vina unaonekana una hekima. Je, ni wa kweli zaidi?

Hapana, ingawa huonekana hivyo kwa watu wengi. Mwaka 2000 wanasaikolojia Matthew McGlone na Jessica Tofighbakhsh wa Marekani walichapisha jaribio ambalo watu walipewa misemo wasiyoijua, mingine yenye vina na mingine yenye maana ileile ila vina vimeondolewa. Yenye vina ilionekana ya kweli zaidi. Washiriki walipotahadharishwa kutenganisha uzuri wa maneno na madai yenyewe, tofauti ilipungua.

Kinga imo katika tahadhari hiyohiyo. Ukipokea ujumbe wa dawa, mkopo au kura uliopangwa kwa vina, useme upya kwa maneno yako ya kawaida, bila kina hata kimoja, kisha ujiulize kama bado unauamini. Kama ni dawa, muulize mhudumu wa afya. Kama ni fedha, usitume kitu kabla ya kupiga simu ofisi husika kwa namba unayoijua, si ile iliyo ndani ya ujumbe. Aliyekutumia mara nyingi hana nia mbaya. Amevutwa na utamu wa maneno, kama ambavyo yeyote angevutwa.

Kikundi chetu kinatunga wimbo wa kuelimisha kuhusu kuharisha. Tuzingatie nini?

Namba zisiguswe. Mtunzi anayesaka mizani 8 anaweza kujikuta ameacha nje kiasi cha maji ya kuchanganyia pakiti ya ORS, yaani chumvichumvi na sukari za kurudisha maji mwilini, au amebadili idadi ya siku za dawa kwa sababu ya kina. Kosa hilo litakumbukwa vizuri sawasawa na ukweli, maana kina hakichagui cha kuhifadhi. Andikeni kwanza ujumbe kwa nathari, mhudumu wa afya auhakiki, tungeni, kisha mrudieni asikilize ubeti ukighaniwa, kwa sababu kuna makosa yanayosikika tu.

Nikimsema mtu kwa mafumbo ndani ya shairi, niko salama kisheria?

Si lazima. Msikilizaji wa kawaida akimtambua mhusika, na shairi likamshushia heshima kwa jambo lisilo kweli, kutotaja jina peke yake hakumkingi mtunzi. Uhuru wa kujieleza, pamoja na kukosoa mambo ya umma, umo katika katiba: ibara ya 18 kwa Tanzania na ya 33 kwa Kenya. Kabla ya kuchapisha madai kuhusu mtu, hakikisha unaweza kuyathibitisha. Ukiwa na shaka, muone wakili.

Si ndiyo maana mshairi wa Kenya, Abdilatif Abdalla, alifungwa, kwa mashairi yake?

Uvumi huu unaeleweka, kwa kuwa jina lake na gereza hutajwa pamoja. Alifungwa kwa ajili ya waraka wa kisiasa, Kenya: Twendapi?, wa mwaka 1968. Mashairi ya Sauti ya Dhiki aliyatunga akiwa kifungoni, kati ya 1969 na 1972, akiyaandika kwenye karatasi za chooni, na kitabu kikatoka mwaka 1973. Tungo zile zimeshika kanuni za mapokeo, jambo la kuzingatiwa na wanaodhani kwamba vina ni vya watu wasio na neno zito la kusema.

Mtu anaweza kumiliki kina? Nimetumia vina vya shairi la mwenzangu na ameniita mwizi.

Hakuna anayemiliki silabi, wala mpangilio wa tarbia au utenzi. Sheria ya hakimiliki hulinda utungo wenyewe, yaani maneno yalivyopangwa na mtunzi. Kwa hiyo kumjibu mwenzako kwa vina vilevile, kama ilivyo desturi ya malumbano ya washairi, ni halali, lakini kunakili mishororo yake bila ruhusa si halali. Kwa kawaida ulinzi hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, Kenya na Tanzania. Mashairi ya Muyaka yako huru kwa wote, ila dibaji na maelezo ya wahariri wa karibuni yanaweza kuwa bado na mwenyewe.

Shairi langu lisiposajiliwa, nina haki yoyote?

Unayo. Haki haitegemei usajili. Kenya na Tanzania zote ni wanachama wa Mkataba wa Berne unaolinda kazi za sanaa na fasihi kwa msingi huo. Kusajili katika ofisi ya hakimiliki kunasaidia unapohitaji ushahidi: Kenya ni KECOBO, Tanzania Bara ni COSOTA, na Zanzibar ni COSOZA. Hata kabla ya hapo, tunza nakala yenye tarehe.

Nilipeleka shairi gazetini. Limetoka kina kimebadilishwa, na jina langu halipo. Nifanyeje?

Una haki mbili ambazo sheria huziita haki za kimaadili, yaani zinazomfuata mtunzi mwenyewe hata akiwa ameruhusu kazi yake ichapishwe: kutambuliwa kuwa wewe ndiye mtunzi, na kupinga mabadiliko yanayoharibu kazi au heshima yako. Mhariri kusahihisha tahajia ni jambo la kawaida. Kubadili neno lenye kina kunagusa utungo wenyewe, na hapo alipaswa kukuuliza.

Mwandikie kwa adabu, ambatanisha ulichotuma na kilichochapishwa, onyesha silabi iliyobadilishwa, na omba masahihisho katika toleo linalofuata. Asipojibu kwa muda wa kutosha, peleka nakala hizo katika ofisi ya hakimiliki ya nchi yako upate ushauri. Na kila unapotuma shairi jipya, andika chini yake mizani na vina ulivyokusudia, kwa mfano "8 kwa 8, -ni, -ka", ili mhariri mwenye haraka asidhani silabi yako ni kosa la uchapaji.